Chai Ilipommwagikia Zamda

Nilikwenda Morogoro kumsalimia mwanangu Rukia, nikamkuta jikoni na binti yake Zamda, mtoto wa miaka mitano. Rukia ni mpiga picha wa habari, na siku hizi kamera zao zimo ndani ya jicho. Jicho likishaanza kupiga, sheria inawakataza kugusa chochote kilicho mbele yake, picha isije ikawa ya kupangwa.

Zamda akavuta kitambaa cha meza. Birika likapinduka, chai ya moto ikammwagikia mkononi. Akapiga yowe. Rukia akasimama kama mlingoti, hakupepesa hata ukope.

"We Rukia, mshike mwanao!"

"Siwezi, mama. Jicho limeshaanza kupiga."

Mkwe wangu Hemedi akatoka chumbani mbio. Nikasema alhamdulillahi, afadhali baba mtu kaja, maana yeye hupiga picha za sanaa na anaruhusiwa kugusa. Akamshika mtoto mabegani, akamgeuza taratibu kuelekea dirishani, machozi yapate mwanga.

"Hapo hapo, mwanangu," akasema. Kisha naye akatulia, macho wazi.

Astaghfirullah! Niliwasukuma wote wawili, nikambeba mjukuu wangu hadi kwenye bomba, nikaufungulia maji ule mkono uliokwisha kuanza kuvimba.

Mtoto akanyamaza ghafla. Akanichungulia jicho moja, kisha la pili, kama anayetafuta kitu.

"Bibi," akauliza, "nilie hivi hivi, au nigeukie dirishani?"