Miguu ya Verna

Vibati vya chuma vya kugongea mdundo, chini ya soli za viatu vya dansi, vilikuwa vimelika hadi kuwa vyembamba kama ukucha, lakini kwa ndani viatu vilikuwa vipya. Ngozi haikuwa na mkunjo, wala alama ya kidole, wala harufu ya jasho. Milt Garvey alivigeuzageuza chini ya taa ya meza.

"Mwanamke huyu hakanyagi chini," alisema. "Anaelea."

Oscar, fundi wa sauti, alivinyakua na kuvirudisha kwenye mfuko wake. "Nimevileta vibadilishwe vibati tu, bosi. Hukupaswa hata kuviona."

"Kwa nini nisivione? Miaka yote hii ninakula kwa miguu yake."

Ilikuwa kweli. Marekani nzima iliamini kwamba Arlene Tolliver alipoimba na kucheza kwenye televisheni, mlio ule wa viatu, kama mvua ya mawe juu ya paa la bati, ulikuwa wake. Watu wa studio pale Burbank walijua vingine. Bendi humeza mlio wa viatu, kwa hiyo mlio hurekodiwa kando mapema, na mchezaji hucheza juu yake. Aliyeurekodi ni Verna, dada yake Arlene, akiwa na Oscar peke yao, mlango umefungwa. Jina lake halikutajwa popote.

Milt, mwongozaji wa kipindi, alijua nani wa kulaumiwa. Zamani, kule Chicago, ndugu hao wawili walikuja kwake kujaribiwa, na nafasi ilikuwa moja tu. Verna alikuwa mchezaji hasa. Milt alimpandisha juu ya ngoma kubwa ya jukwaani ili aruke na kutua msamba. "Tena!" alisema. Kila mara Verna aliuliza kwa tabasamu, "Tena, Bwana Garvey?" kisha akaruka. Mara ya mwisho alitua vibaya kidogo, akacheka, akaondoka ameliegemea bega la mdogo wake. Milt akamchukua Arlene, kwa kuwa alikuwa na meno mazuri, na wadhamini wa kipindi, watu wa sabuni, walipenda meno.

Kwa ajili ya meno! Aibu hiyo ilimkaa Milt kooni tangu siku ile. Sasa alikuwa anastaafu, kipindi cha Krismasi cha Jumapili kikiwa chake cha mwisho, na hakutaka kwenda nyumbani na mzigo ule. Lazima Verna aonekane, watu wampigie makofi, na yeye asamehewe.

Alimkuta Arlene mbele ya kioo.

"Nataka dada yako apande jukwaani Jumapili. Mcheze pamoja."

Arlene aliacha kujipaka poda. "Hapana."

"Unaogopa atakufunika?"

"Usinichokoze, Milt. Verna hataki kuonekana. Ameniapisha."

"Amekuapisha, au umemfungia?"

"Ni kwa ajili yako, mzee wangu, si yangu. Nakuomba, liache."

Machozi yalikuwa yakimtiririka juu ya poda. Milt aliyatazama tu. Machozi ya mwigizaji, na yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuyatoa.

Akamrudia Oscar. "Verna atakuja Jumapili?"

"Huwa hakosi. Huingia kabla ya watu, hutoka watu wakishaisha. Hukaa mwisho wa safu ya mbele, kule gizani."

"Mwambie aje na viatu. Kuna mlio wa kurekebisha baada ya kipindi."

Oscar alijikuna kichwa. "Wiki hii viganja vinamsumbua, bosi."

"Kwani nimemwambia apige piano?"

Oscar akaenda zake.

Jumapili kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja. Arlene alishuka ngazi nyeupe kwa manyoya mekundu, akaimba, akacheza hadi ukumbi ukatetemeka. Alipoinama kushukuru, Milt alifanya jambo ambalo mwongozaji hafanyi. Alitoka kwenye chumba chake, akapanda jukwaani mbele ya kamera na kuchukua maikrofoni. Nyuma yake wafanyakazi wa jukwaa wakaisukuma ngoma kubwa, mfano wa ile ya Chicago; alikuwa ameiagiza kwa siri. Arlene alipoiona alitikisa kichwa, huku bado akitabasamu kwa ajili ya kamera.

"Mabibi na mabwana," Milt alisema, "miguu mliyoisikia miaka yote hii si ya Arlene. Ni ya dada yake. Mimi nilimdhulumu, nikamficha, na leo namwomba radhi mbele yenu. Verna Tolliver, panda hapa ucheze!"

Bendi ikapiga. Makofi yakalipuka. Milt alihisi kifua chake kimekuwa chepesi, kwa mara ya kwanza tangu Chicago, na akajikuta anapiga makofi kuliko wote.

Taa ikazunguka ukumbini, ikashuka hadi safu ya mbele, ikasogea mpaka mwisho na kutulia. Kwanza makofi yakafifia, kisha bendi nayo ikanyamaza, chombo kimoja baada ya kingine.

Verna alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, blanketi limefunika magoti. Alitoa viatu kwenye mkoba, akavivaa mikononi, kimoja kimoja, kama mtu aliyezoea. Akaitazama ngoma. Kisha akamtazama Milt, akatabasamu.

"Tena, Bwana Garvey?"