Kiti cha Nyuma

Saumu alikuwa akichagua kati ya baiskeli mbili za umeme: moja nyepesi, ya mtu mmoja, nyingine nzito, yenye kiti cha nyuma.

"Chukua nyepesi," alisema mumewe, aliyetembelea mkongojo tangu apate kiharusi. "Mimi nitatembea."

"Kila siku mpaka kliniki, Baba Raya? Utafika sikukuu."

"Na mwanamume abebwe na mkewe, watu wakichungulia?"

Muuzaji akainama, akajifanya anafuta kengele.

Saumu akalipia ile nzito, akaitoa nje, akapanda. Haikuwa na mlio wa injini wa kumharakisha mtu. Alikaa mguu mmoja chini, macho barabarani, akibana breki na kuiachia, akibana na kuiachia. Nyuma yake springi za kiti zikabonyea kidogo. Hakugeuka kutazama kama mumewe ameketi au ameegemeza mkono tu.