Saa Isiyosikia Amri

Tangu Mamlaka ijitwalie wakati, saa za mji zilijikokota mchana wa kazi na kutimua mbio siku ya mapumziko, na mbishi hakuwa na ushahidi. Tungaraza, mfungashaji wa kiwanda cha chai, alikuwa nao: saa ya mkono ambayo fundi mmoja wa Kijerumani aliichonga gurudumu kwa gurudumu, kwa tupa na subira.

Sheria iliruhusu saa mfu tu, iwe pambo. Aliposikia msako waja, aliacha kuitia ufunguo siku tatu.

“Ilikufa zamani, mwanangu,” alimwambia mkaguzi.

Mkaguzi akaiweka sikioni. Tik, tik, tik.

Tungaraza akamgeukia mkewe, Zamda.

“Nilikuona umenyong’onyea, mume wangu,” alinong’ona Zamda. “Leo alfajiri nikakutilia ufunguo.”

Mkaguzi alifunga mlango. Akayatazama magurudumu madogo yakipokezana, akasahau kupepesa macho.

“Mzee wangu,” akauliza kwa sauti ya chini, “saa moja ya kiwandani, kwa hii, ni dakika ngapi?”

Sabini na sita. Tungaraza alilijua jibu; hakujua kama anaombwa au anategwa.