Sauti Iliyovuka Geti

Aloo, fundi wa mtandao, alikuwa bado anajaribu spika za sherehe ya ushirika wa wavuvi pale Kisian mwenyekiti alipomnyang'anya maikrofoni na kuanza pakruok, kujisifu mbele ya watu.

"Mimi ndiye simba wa Usenge! Nikikohoa nyumbani, mke wangu anasimama wima!"

Watu wakaangua kicheko.

Aloo akatupia jicho laptopu. Anwani ya kundi, namba anayoandika kwenye laptopu, ndiyo huamua sauti ifike wapi: moja huishia ukumbini, nyingine kwenye geti, mpaka wa mtandao wa ofisi, nyingine huingia kila tawi la ushirika lililojiunga. Kwa haraka zake alikuwa ameweka hiyo ya mwisho. Na katika tawi la Usenge, kando ya spika na maikrofoni yake, mke wa mwenyekiti alikuwa akianika dagaa wa omena.

Kidole cha Aloo, gamba la samaki ngege limenata ukuchani, kikaning'inia juu ya kitufe cha kurudisha sauti iishie ukumbini.

"Mzee, punguza kidogo," akanong'ona.

"Nipunguze nini? Wacha dunia isikie!"

Aloo akaondoa kidole.

Spika zikakwaruza, kisha sauti ya mwanamke kutoka Usenge ikajaa ukumbini, tulivu kabisa.

"Baba Adongo, hebu kohoa tena."