Kabari Mbili Chini ya Mnara

Zilibaki kabari mbili za mbao. Gráinne akizigonga zikatoka, fremu ya mbao iliyoshikilia tao la mawe ingeshuka, na mnara mzima wa kanisa la watawa, gofu la miaka mia nne katika kaunti ya Mayo, ungeegemea mawe aliyoyapanga yeye.

Baba yake, mwashi mstaafu, akaingia, akaketi juu ya jiwe chini ya tao lenyewe, akafungua chupa ya chai.

"Baba, toka hapo."

"Nje kuna mvua."

"Mvua gani? Si wewe uliyesema chokaa yangu mbichi?"

"Nilisema. Na bado mbichi kidogo."

"Sasa unataka ikuangukie?"

"Miaka arobaini, kila tao nililojenga nilisimama chini yake mbao zikitolewa. Leo magoti yamekataa, nimekaa. Gonga, mwanangu, chai inapoa."

Tangu Pasaka hawakuwa wamesemezana maneno mengi hivyo. Gráinne akafuta viganja kwenye suruali, akagonga. Kabari ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakwama. Akaipiga tena, ikaruka.

Fremu ikashuka kwa mlio mdogo. Vumbi likamwagikia kofia ya mzee. Kati ya mbao na mawe ukatokea mstari wa mwanga, mwembamba kama uzi, ukalizunguka tao kutoka nguzo hadi nguzo. Mawe hayakusogea.

Mzee akautazama mstari huo. Kisha akajisogeza pembeni kwenye jiwe.

"Njoo ukae," akasema. "Kikombe ni kimoja, tutapokezana."