Nani Alikufundisha?

"Meeka, nani kakufundisha yote haya kuhusu sili?" mshauri wangu aliniuliza kwa video kwenye kompyuta. Alikuwa mtafiti wa wanyama wa baharini huko Halifax, Kanada, nami nilitamani kazi kama yake.

Nyuma yangu baba alikuwa akichuna sili sakafuni, juu ya maboksi yaliyotandazwa, damu imemfika viwikoni. Yeye ndiye aliyenifundisha, tangu nina miaka sita, tukiwawinda sili kule kwenye bahari iliyoganda barafu, kwetu kaskazini ya mbali.

Nikageuza kamera asionekane.

"Nimejisomea mtandaoni."

Kisu cha baba kikatulia.

Mshauri alinisifu sana. Nilifunga kompyuta, nikamgeukia baba. Akakata kipande cha ini la yule sili, ambalo kwetu huliwa bichi, akaninyooshea bila kunitazama.

"Kula, msomi."

Siku zote kabla ya hapo aliniita Mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.