Mche wa Mkoko

Syokau alishindilia tope kwa kisigino, akafungua chupa yake ya maji ya kunywa, akaumwagia mche wa mkoko yote.

Msichana aliyekuwa akiwatembeza wageni katika hifadhi ya mikoko alitabasamu. "Mama, huu hauhitaji kumwagiliwa. Saa kumi maji yanajaa, bahari itaumwagilia yenyewe."

"Yenyewe?"

"Kila siku. Hautamhitaji mtu."

Akina mama wa kanisa waliotoka naye Mitaboni, huko bara, walicheka. Kwao mti ni ndoo kichwani kutoka mtoni, asubuhi na jioni, mpaka ushike.

Kila mmoja alikuwa amepanda mche na kuupa jina la mtu. Syokau aliupa wake jina la mwanawe, aliyezama kwenye hori hii hii ya bahari mwaka wa tisini na tano. Mwili haukupatikana.

Asubuhi walikuwa wameonyeshwa makaburi ya mawe nyuma ya msikiti wa kale uliobomoka. Miaka mia nne, na bado yamesimama. Yeye hakuwa na hata moja la kupalilia.

"Syokau, twende! Tutaachwa!"

Maji yalikuwa yameanza kurudi. Yalimgusa vidole vya miguu, kisha yakauzunguka mche.

Wenzake walipogeuka alipiga magoti topeni. Hifadhini hakitoki hata kijiti, walikuwa wameonywa. Akaung'oa taratibu, mizizi isikatike, akaufunga ndani ya leso.

"Twende nyumbani," aliuambia. "Maji nitakuchotea mimi."